Nani Ameshika Funguo za Maabara

Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, wavulana wa kidato cha tatu walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kukoroga sukari, kusubiri yapoe, ndipo uyaingize kwenye friza. Nafasi ndani ya friza ilikuwa ya kugombania. Erasto Mpemba alipoona mwenzake anawahi kuweka maziwa yake bila hata kuyachemsha, naye akaona akingoja atakosa nafasi. Akayasukumia ndani yake yakiwa bado moto. Baada ya kama saa moja na nusu walifungua friza, wakakuta ya Mpemba yamekwisha kuganda na ya mwenzake bado ni uji.

Alimuuliza mwalimu wake wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa. Hakuliacha swali. Alipokuwa sekondari ya juu ya Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, mwalimu wa fizikia aitwaye Denis Osborne, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama. Ukichukua vyombo viwili vyenye maji sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza moja, cha nyuzi 100 hutangulia kuganda. Kwa nini? Wenzake walicheka. Osborne hakuamini alichosikia, lakini aliahidi kwamba akifika Dar jambo hilo litajaribiwa.

Likajaribiwa. Aliyelijaribu kwanza hakuwa Osborne mwenyewe, alikuwa fundi sanifu wa maabara, kijana ambaye simulizi haimtaji jina. Alirudi na taarifa kwamba maji ya moto yametangulia kuganda kweli, ila akaongeza kwamba ataendelea kurudia jaribio mpaka apate jibu lililo sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala ya pamoja, na mpaka leo jina la kijana wa Lushoto limo kwenye fizikia ya dunia nzima. Wanafizikia bado wanabishana kuhusu chanzo cha jambo lenyewe, na wapo wanaohoji kama linatokea kila mara. Hilo halinisumbui. Swali linaloweza kuwaweka watu wazima mezani kwa zaidi ya nusu karne ni swali zuri.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha mwanafunzi aliyethubutu kuuliza, na ni sawa, kuuliza si ujinga. Lakini kila ninapokirudia, macho yangu huishia kwa yule fundi. Yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa chumba. Yeye ndiye aliyejua friza ipi inapoza sawasawa, kipimajoto kipi kinadanganya, na saa ngapi chumba hakina wanafunzi wa kugusagusa. Bila yeye ahadi ya mhadhiri ingebaki Iringa.

Tunapopima nguvu ya kitivo cha sayansi tunahesabu vinavyoonekana kwenye chati ya ofisini: idara ngapi, maprofesa wangapi, machapisho mangapi kwa mwaka. Tunaviacha vinavyoubeba utafiti wenyewe, yaani makusanyo yaliyotunzwa kwa miaka, watunzaji wake, mafundi sanifu, na mlango ambao mtu wa nje anaweza kuupigia hodi akiwa na swali lake. Na chati inapobadilishwa, hivyo ndivyo vinavyokuwa vya kwanza kukosa mahali pa kukaa.

Nauchukua mfano wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa sababu ndio mfano tulionao wa muda mrefu zaidi nchini. Chuo kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na sheria peke yake na wanafunzi wasiozidi 14. Kitivo cha Sayansi kilifunguliwa mwaka 1965, chuo kikiwa kimeshahamia mlimani. Kisha nyumba ikaanza kuzaa nyumba. Udaktari ulianza 1968, kilimo kikaenda Morogoro, uhandisi ukapata kitivo chake 1973. Morogoro ikawa Chuo Kikuu cha Sokoine 1984. Muhimbili ikawa chuo kishiriki 1991, na chuo kikuu kamili 2007. Utafiti wa bahari ulipata taasisi yake Zanzibar. Baadaye jina lenyewe la kitivo likaondoka, ikaja ndaki ya sayansi asilia na tumizi yenye botania, zoolojia na uhifadhi wa wanyamapori, kemia, fizikia, hisabati, na baiolojia ya molekuli na bayoteknolojia. Jiolojia ikahamia kwa jamaa zake wa madini, na sayansi za majini zikajengewa shule kuu yake. Palipokuwa na dekani mmoja sasa pana rasi na maamidi.

Silalamikii migawanyiko hiyo. Nyingi zilikuwa na sababu, na nchi iliyopata uhuru ikiwa na wataalamu wa kuhesabika kwa vidole ilihitaji madaktari, wahandisi na mabwana shamba kwa haraka. Ila wanapogawana nyumba, ndugu huulizana nani atachukua kitanda na nani atachukua shamba. Swali linalosahaulika ni nani atakaa na nyaraka za bibi.

Kwa botania, nyaraka za bibi ni hebaria. Mlimani inayo, na katika orodha ya kimataifa ya makusanyo ya mimea inatambulika kwa herufi tatu, DSM, kama ile ya Nairobi inavyotambulika kwa EA. Kwa asiyewahi kuingia hebaria yoyote, nitaeleza. Ni chumba cha makabati. Ndani ya kabati kuna majalada, na ndani ya jalada kuna karatasi ngumu zilizogandishwa mimea mikavu: tawi, majani yaliyopangwa ili moja lionyeshe tumbo na lingine mgongo, ua likiwepo, tunda likiwepo, na kibahasha kidogo cha mbegu zilizodondoka. Mmea hukaushwa porini katikati ya magazeti ya zamani, umebanwa kwa mbao mbili na mikanda. Inawezekana kabisa gazeti unaloshika sasa hivi likaishia huko, likifyonza maji ya jani kutoka Udzungwa.

Pembeni kwenye karatasi kuna kibandiko, na hapo ndipo penye thamani. Aliyechuma ni nani, tarehe ngapi, wilaya gani, umbali gani kutoka kijiji gani, udongo wa aina gani, wenyeji wanauitaje. Huandikwa pia rangi ya ua, kwa sababu rangi hufa. Ua lililokuwa jekundu siku lilipochumwa litakuwa la kahawia baada ya miaka kumi, na kibandiko tu ndicho kitakachokumbuka. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, na hebaria ni daftari la mali ya nchi.

Daftari hilo linafanya kazi gani? Kuna mti wa jamii ya mwamba-ngoma, shina lake lina miiba mikali na maua yake ni mekundu, ambao sayansi iliujua kutokana na sampuli zilizochumwa Lindi miaka ya 1930. Msitu ulifyekwa, mti haukuonekana tena, na mwaka 1998 uliingizwa katika orodha ya dunia ya viumbe vilivyotoweka. Mti mwingine, Karomia gigas, nao ulidhaniwa umekwisha. Mmoja uliojulikana pwani ya Kenya ulikatwa 1977. Mwaka 2011 watafiti, wakiwemo wanabotania wa Mlimani, walichapisha taarifa kwamba miti yote miwili imeonekana tena karibu na Kilwa, ikiwa hai, michache ya kuhesabika.

Hakuna aliyeiona miti hiyo akaijua kwa kuikumbuka. Ilijulikana kwa sababu jani bichi lililinganishwa na jani kavu. Kama zile sampuli za miaka ya 1930 zingeliwa na wadudu, au zingetupwa siku ofisi ilipohitaji nafasi, miti ile ingebaki miti tu, na mwenye msumeno asingekuwa na sababu ya kuizunguka.

Hebaria hiyohiyo inawabeba wanakemia, ingawa kwenye chati idara hizo mbili ziko mbalimbali. Profesa Mayunga Nkunya na wenzake walitumia miaka mingi kuchunguza kemia ya mimea yetu, hasa ile ya ukoo wa mstafeli na mtopetope, wakitafuta viambato vinavyoweza kupambana na malaria. Ni kazi ya subira: gome hukaushwa, husagwa, hulowekwa kwenye vimumunyisho, kisha kilichomo hutenganishwa hatua kwa hatua mpaka ibaki dutu moja safi. Lakini yote hayo hayana maana kama jina la mmea si sahihi. Miti miwili ya ukoo mmoja inaweza kufanana majani na kutofautiana sumu. Kwa hiyo mwanakemia makini, kabla hajachemsha chochote, hupeleka tawi hebaria, likatajwa jina na kuwekwa kabatini kama shahidi. Miaka thelathini baadaye mtu akitilia shaka matokeo, shahidi yupo.

Hisabati naipita upesi, kwa kuwa haihitaji friza wala kabati la majani. Inahitaji watu, na watu wake huchukua muda mrefu kupatikana. Verdiana Masanja, aliyefundisha Mlimani, alikuwa mwanamke wa kwanza Mtanzania kupata shahada ya uzamivu katika hisabati, na hiyo ilikuwa miaka ya 1980, robo karne nzima baada ya uhuru.

Sasa nije kwa chura. Msomaji wa magazeti ya Tanzania aliyekuwa na umri wa kusoma mwanzoni mwa miaka ya 2000 hahitaji kuelezwa maana ya vyura wa Kihansi. Aliwasikia vijiweni, aliwasikia bungeni, na wengi walijiuliza inakuwaje viumbe vidogo namna ile vipigiwe kelele wakati nchi ina kiu ya umeme. Lilikuwa swali halali, na nadhani sisi waandishi hatukulijibu vizuri wakati ule.

Mto Kihansi unashuka kutoka milima ya Udzungwa. Ulipoporomoka bondeni ulikuwa ukirusha manyunyu usiku na mchana, na manyunyu hayo yalitengeneza vipande vidogo vya kinamasi vyenye baridi na unyevu usiobadilika, jumla yake hekta chache tu. Mwaka 1996, wakati wa uchunguzi wa mazingira uliohusiana na bwawa la umeme, chura mmoja wa manjano alionekana pale. Profesa Kim Howell wa idara ya zoolojia ya Mlimani ni miongoni mwa waliomwandika kisayansi na kumpa jina, Nectophrynoides asperginis, yaani chura wa manyunyu. Jike mkubwa hafiki sentimita tatu. Hatagi mayai majini kama vyura wengi. Huzaa watoto wakiwa tayari na miguu, wadogo kuliko punje ya mchele. Hakuna mahali pengine duniani alipopatikana.

Mtambo wa megawati 180 ulipoanza, sehemu kubwa ya maji ilipelekwa kwenye mitambo na manyunyu yakapungua kwa takribani asilimia 90. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa kwenda kutunzwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx. Bondeni yalifungwa mabomba ya kunyunyizia maji. Kwa muda ilionekana wanapona, kisha 2003 idadi ikaanguka ghafla; kuvu anayeua vyura sehemu nyingi duniani alikutwa pale. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini.

Mwaka uliofuata vyura 100 walirudi kwa ndege. Walirudi wapi? Mlimani, kwenye chumba maalumu cha chuo kikuu. Na kuanzia 2012 wengine walirudishwa bondeni kwao. Naomba msomaji akae kidogo na chumba hicho. Chura anayehitaji ubaridi na manyunyu ya bonde la Udzungwa anatunzwa Dar es Salaam, mji unaotoa jasho hata usiku. Maji lazima yachujwe. Hewa lazima ipozwe. Chura hali majani wala pumba, anakula wadudu wadogo walio hai, kwa hiyo lazima wafugwe wadudu, na wadudu nao wanakula. Kuvu husafiri na tope la kiatu, kwa hiyo anayeingia hawezi kuingia anavyotaka. Krismasi chura anakula. Idi chura anakula. Umeme ukikatika saa nane usiku, kuna mtu lazima aamke.

Mtu huyo ana cheo gani kwenye muundo wa chuo? Hapo ndipo ninapotaka tukae. Kazi hii ya kuamka usiku haizai makala kwa jina lake. Haimpandishi cheo kwa haraka. Lakini jina la Tanzania katika sayansi ya uhifadhi linategemea kwamba aliamka.

Mfano wa tatu uko ng'ambo ya maji. Miaka ya 1970 Profesa Keto Mshigeni, mwanabotania wa Mlimani aliyekuwa amesomea Hawaii, alikuwa akizungumzia mwani. Wakati huo mwani uliokuwa ukiuzwa nje ulikuwa ule unaookotwa ufukweni. Yeye alishikilia kwamba unaweza kulimwa. Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989 upande wa mashariki wa Unguja, kwenye vijiji kama Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Kilichofuata kiliyabadilisha maisha ya pwani ile. Wanawake, ambao ndio wengi katika kazi hii, walijenga nyumba, wakasomesha watoto, wakapata sauti ya kupanga fedha zao wenyewe.

Nimewahi kukaa na wakulima wa mwani Jambiani wakati wa bamvua, bahari ikiwa imekupwa mpaka mbali. Mambo, vile vijiti vya kufungia kamba, vimejipanga mchangani kama mistari ya daftari. Mama mmoja alikuwa amekaa kwenye maji ya magotini, akifunga vipande vya mwani kwenye kamba kwa vidole vilivyochakaa kwa chumvi. Alinyanyua kimoja akanionyesha. Ncha zilikuwa zimepauka, nyeupe kama mfupa, na zilikatika alipozigusa. "Huu kotonii," aliniambia. "Ndio wenye bei. Na ndio unaokufa."

Anachokiona yeye ndicho walichokuwa wakikipima watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, taasisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyokaa miaka mingi Mizingani na sasa iko Buyu. Maji ya kina kifupi yanapata joto kuliko kotonii inavyoweza kustahimili. Ule mwani mwingine, spinosamu, unavumilia lakini bei yake ni ndogo. Dokta Flower Msuya ametumia miaka mingi kwenye jambo hili pamoja na wakulima wenyewe, kuanzia kujaribu kulima kwenye maji ya kina kwa nyavu za mirija mpaka kuwafundisha kutengeneza sabuni na bidhaa nyingine ili thamani isiishie kwenye gunia la mwani mkavu.

Maji ya kina yalileta swali ambalo hakuna idara ya botania ambayo ingelitarajia. Wanawake wengi wa pwani ile hawajui kuogelea. Wamekua kando ya bahari, wanaijua kwa saa na kwa mwezi, lakini kuogelea na kuendesha chombo yalikuwa mambo ya wanaume. Kwa hiyo utafiti wa joto la maji ukageuka kuwa mambo ya vyombo, majaketi ya kuelea, masomo ya kuogelea, na mazungumzo ya nyumbani kati ya mke na mume. Tatizo halikujali mipaka ya idara. Na waliofanikiwa kusogea nalo ni wale waliokubali kulifuata lilikokwenda.

Mifano yote hii inanipa picha moja. Pale sayansi yetu ilipokuwa na nguvu, palikuwa na kitu kilichotunzwa muda mrefu, palikuwa na mtu wa kukitunza, na palikuwa na swali lililotoka nje ya chuo. Idara ilikuwa tu mahali ambapo mshahara ulipitia.

Nina sababu ya binafsi ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Niliposoma, katika chuo ambacho sitakitaja, maabara yetu ilikuwa na friza moja kubwa ya sampuli za damu za popo na panya zilizokusanywa na mwalimu wetu kwa miaka kadhaa. Fundi sanifu aliyekuwa akiitunza alistaafu. Nafasi yake haikujazwa. Tuliambiwa kibali cha ajira bado. Ufunguo ukawekwa kwenye droo ya katibu muhtasi. Likizo moja ndefu umeme ulikatika, ukarudi, swichi ya ukutani ikabaki chini. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuingia chumba kile. Tulifungua baada ya wiki tatu. Nakumbuka mwalimu wetu alisimama mlangoni, akashika kitasa, hakusema neno, kisha akaenda kutafuta ndoo. Hakuna karatasi ya takwimu ya chuo iliyoandika hasara ile. Machapisho ya mwaka ule hayakupungua hata moja, maana yale ambayo yangetokana na sampuli zile yalikuwa bado hayajazaliwa.

Ndiyo maana nasikia furaha na wasiwasi kwa pamoja ninapoona majengo mapya yakiinuka. Kupitia mradi wa HEET, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kuanzia mwaka 2021, vyuo vyetu vya umma vinapata maabara na madarasa ambayo vizazi vilivyotangulia viliyaota. Ni jambo jema na nalishangilia. Lakini mashine ya kisasa ya kemia inataka mtu anayeijua kwa mlio wake. Mtu huyo hufundishwa kwa miaka, na akishafunzwa anaweza kuondoka kesho akipata mgodi au kiwanda kinachomlipa mara mbili. Kwa nini mhadhiri awe na ngazi inayofika hadi uprofesa, na fundi sanifu ngazi yake iishie katikati ya ukuta? Napendekeza wazi: wawe na ngazi yao wenyewe, ndefu, yenye heshima na mshahara unaolingana na ujuzi, na majina yao yaandikwe kwenye makala pale mchango wao unapostahili. Yule kijana wa friza ya Osborne alistahili.

Makusanyo nayo yawe na fungu lake. Sizungumzii fedha nyingi. Dawa ya wadudu, karatasi, umeme wa uhakika, mtunzaji na msaidizi wake. Shida ni kwamba fedha za utafiti huja kwa miradi, na mradi una miaka mitatu au minne. Sweden imesaidia utafiti wa Tanzania tangu miaka ya 1970, na bila msaada wa aina hiyo kurasa nyingi za historia ya sayansi yetu zingekuwa tupu. Lakini mfadhili, hata awe mwema vipi, hufadhili swali, hafadhili kabati. Kabati ni la mwenye nyumba. Viongozi wa Afrika walikubaliana Khartoum mwaka 2006 kwamba kila nchi itenge angalau asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti, na sisi bado hatujafika. Tukifika, au hata tukikaribia, ningependa shilingi za kwanza ziende kwenye vitu ambavyo hakuna mgeni atakayevilipia.

Halafu kuna lugha. Mlima mmoja una makabati ya botania na una pia taasisi ya Kiswahili, ile iliyotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Mtu anaweza kutembea kutoka jengo moja hadi jingine bila kutoa jasho. Lakini tasnifu za sayansi zinaandikwa Kiingereza tangu jalada hadi jalada, zinapelekwa maktaba, na mama wa Jambiani ambaye mwani wake umo ndani hawezi kujua kilichosemwa juu yake. Sisemi tasnifu ziandikwe Kiswahili zote kuanzia kesho. Mabishano hayo yana miaka mingi na makala hii haitayamaliza. Nasema kila tasnifu iwe na kurasa mbili za Kiswahili safi, zilizoandikwa na mtafiti mwenyewe, zinazoeleza alichouliza, alichokikuta, na kinamhusu nani. Mtahini azisome na azipe alama. Zikusanywe, zipelekwe ofisi za kata, redio za jamii, vyama vya wakulima. Mtafiti aliyewahi kulazimika kueleza kazi yake kwa Kiswahili bila kujificha nyuma ya istilahi anajua jinsi zoezi hilo linavyomfunulia alichokuwa hajakielewa.

Na mlango. Osborne alikwenda Iringa. Hakungoja Mpemba aje Dar. Alisimama mbele ya wanafunzi wa sekondari akakubali kuulizwa. Leo ziara kama hizo hufanyika kwa juhudi za mtu mmojammoja, kwa mafuta ya gari lake na Jumamosi yake. Zingekuwa sehemu ya kazi inayohesabiwa mtu anapoomba kupanda cheo, tungekuwa na vijana wangapi wenye swali ambalo mwalimu wao alilikatisha?

Siku ile Jambiani, maji yalipoanza kujaa, tulitembea pamoja kurudi ufukweni, yeye akiwa na gunia kichwani, mimi na viatu mkononi. Aliniambia ameona jambo ambalo halielewi. Kuna kipande kimoja cha shamba lake, karibu na mkondo, ambako kotonii haifi. Ina rangi yake, inanenepa kama zamani. Hatua kumi kutoka pale inakufa. Kamba ni ileile, mbegu ni ileile, anafunga yeye mwenyewe siku moja. Alikuwa amekwisha kuwauliza wanunuzi, wakamwambia ni bahati.

"Wewe unaandika magazetini," alisema. "Nimpelekee nani swali hili?"

Nilimwambia Buyu. Akaniuliza, nikifika nimtaje nani pale mlangoni.